Jina Mbele, Kiwanda Nyuma: Nani Hasa Ametengeneza TV Yako?

Chata la duka au jina kubwa? Kabla hamjanuniana sebuleni, igeuzeni kwanza muone mgongo wake.

TV yako imetengenezwa na nani? Usikimbilie kusoma jina lililoandikwa pale mbele chini ya kioo. Hilo ni chata tu. Mimi nauliza kiwanda: nani alipanga zile taa za ndani, nani alifunga bodi, nani alikaza skrubu ya mwisho kabla haijaingia kwenye boksi? Niliwauliza wenzangu ofisini saa ya chai, na wote, wasomi wazima na digrii zao, wakanitajia chata.

Nyumbani kwetu swali hili liliingia mwaka wa kwanza wa ndoa, tena kwa kishindo. Tulikuwa tunacheza upatu na marafiki, zamu yetu ikafika, na fedha ile ilikuwa imeshapangiwa kazi moja: TV ya sebuleni, inchi 43. Mume wangu alitaka jina kubwa, lile ambalo kila mtu analijua. Mimi nilikuwa nimeiona nyingine kwenye duka moja kubwa la vifaa vya umeme hapa Dar, imeandikwa jina la duka lenyewe. Ukubwa uleule, kitu na boksi, na bei ya chini kwa zaidi ya laki tatu.

“Mama akija kututembelea ataona nini pale ukutani?” akaniuliza.

“Ataona tamthilia,” nikamjibu.

Hakucheka. Na ukweli ni kwamba hatukuwa tunabishania TV. Tulikuwa tunabishania nani kati yetu anajua kutumia hela. Wanandoa wapya mnalijua hili: kitu cha kwanza cha bei kubwa mnachonunua pamoja kinageuka kuwa mtihani wa ndoa nzima. Laki tatu kwa watu wanaolipa kodi ya nyumba si mchezo. Nikaona badala ya kushindana kwa hisia, bora tujue kwanza nani anazitengeneza TV hizi za madukani. Akakubali shingo upande. Jumamosi tukaenda Kariakoo.

Fundi hasomi chata

Kibanda cha fundi niliyeelekezwa kiko ghorofa ya kwanza, na TV zimesimamishwa ukutani kama vitabu kwenye maktaba. Nilipomuuliza chata gani ni zuri, alinitazama kama mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi.

“Dada, mimi chata silisomi. Nasoma bodi.”

Alikuwa na TV tatu mezani, zimefunguliwa migongo. Majina matatu tofauti, mawili sijawahi kuyasikia maishani. Akatuonyesha bodi kubwa ya kila moja, ile yenye matundu ya HDMI na ya antena. Zote tatu zilikuwa na maandishi meupe yanayoanza na herufi TP, nukta, halafu msururu wa herufi na tarakimu. Akachukua rimoti ya TV moja, akaiwasha nayo ya pili. Ikawaka na kubadili sauti kama ya kwao. Mume wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa amekunja mikono, akasogea karibu.

Zile herufi TP ndizo zinazotumiwa na kampuni ya China inayoitwa CVTE, yenye makao Guangzhou, iliyoanzishwa mwaka 2005. Ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa bodi za TV duniani. Sebuleni kwa shangazi yako huwezi kukuta TV iliyoandikwa CVTE mbele, lakini bodi zao zimekaa ndani ya TV za majina chungu nzima, kuanzia Amerika ya Kusini hadi Manzese. Mwenye chata ananunua bodi, anawekewa picha ya jina lake ile inayotokea ukiwasha, basi. TV imezaliwa.

Kioo nacho kina kwao. Fundi akatugeuzia paneli moja na kutuonyesha stika nyuma yake. Wenzake wote wanaijua lugha hii: kwa kawaida namba ikianza na HV, kioo ni cha BOE ya China. Ikianza na ST ni CSOT, kampuni ya kundi la TCL. LC ni LG. T ikifuatiwa na tarakimu ni AUO ya Taiwan, na V ikifuatiwa na tarakimu ni Innolux, nayo ya Taiwan. Kioo ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote ndani ya TV. Ukijua kimetoka wapi, umejua sehemu kubwa ya pesa yako imekwenda wapi.

Nikamuuliza kuhusu lile jina kubwa la mume wangu. Akacheka. Nilipofuatilia baadaye nikaelewa kwa nini. Samsung iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, na LG iliuza kiwanda chake kikubwa cha vioo hivyo kilichoko Guangzhou kwa TCL, mauzo yakakamilika mwaka 2025. Bado wanatengeneza vioo vya OLED, vile vya bei mbaya. Lakini kwa TV ya kawaida ya LCD, ile ambayo wewe na mimi tunaiweza, hata mwenye jina kubwa anakwenda sokoni kununua kioo kwa walewale wanaowauzia wenye majina madogo.

Mchezo wa zamani

Usidhani jambo hili limeanza juzi na Wachina. Sears, duka kubwa lililotamba Marekani kwa miongo mingi, liliuza redio na baadaye TV kwa jina lake la Silvertone wakati hata miguu yangu ilikuwa bado haijafikiriwa. Sears haikuwa inachomelea waya. TV zake nyingi zilitengenezwa na kampuni iliyoitwa Warwick, huko Forrest City, jimbo la Arkansas, na miaka ya 1970 Sanyo ya Japani ikakichukua kiwanda hicho na kuendelea na kazi. Wajanja wa Marekani walikuwa na siri yao: namba ya modeli ya bidhaa za Sears ilianza na tarakimu tatu na nukta, na tarakimu hizo zilikuwa zinamtaja mtengenezaji. Mashine ya kufulia iliyoanza na 110, kwa mfano, ilikuwa ya Whirlpool. Akina mama wakawa wanasoma tarakimu kwanza, jina baadaye.

Uingereza kuna kisa ninachokipenda zaidi. Bush ilianzishwa mwaka 1932 huko London, kampuni ya kweli yenye viwanda vya kweli, na TV yake ya mwaka 1950, modeli TV22, mpaka leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanaigombania. Kiwanda kikaondoka, jina likabaki likizunguka kwenye mikono ya wafanyabiashara. Mwaka 2008 wenye maduka ya Argos wakalinunua jina hilo. Kwa hiyo Bush ya leo ni chata la duka, na kwa miaka mingi TV zake nyingi zilitoka Manisa, Uturuki, kwenye kiwanda kikubwa cha Vestel. Vestel hiyohiyo imetengeneza TV zilizouzwa Ulaya kwa majina ya Hitachi, JVC na Toshiba. Mzee wa Kiingereza anayesema “mimi nanunua Bush tu, kama baba yangu” ananunua kumbukumbu.

Na Toshiba yenyewe? Mwaka 2017 ilikubali kuiuzia Hisense ya China biashara yake ya TV, na mwaka uliofuata mambo yakakamilika. Philips, ambayo babu zetu waliiamini kwenye redio, TV zake ziliingia mikononi mwa kampuni ya TPV kuanzia mwaka 2012, na mwaka 2014 TPV ikachukua zote. Sharp ilinunuliwa na Foxconn ya Taiwan mwaka 2016. Majina hayakubadilika. Nilipomsomea mume wangu orodha hii kitandani akaniambia zima taa tulale.

Wanavyoagiza

Sasa duka linapataje TV yenye jina lake? Utaratibu ni mwepesi kuliko nilivyofikiria, na ndio unaoeleza kwa nini swali la “nani anatengeneza chata fulani” mara nyingi halina jibu moja.

Viwanda vya namna hii, vingi vikiwa China, vina katalogi. Mteja anachagua ukubwa, daraja la kioo, bodi ya kawaida au ya smati, umbo la miguu, sura ya rimoti. Anasema jina gani lichapwe, boksi liwe rangi gani. Anaagiza kontena. Wakati mwingine TV inasafirishwa ikiwa vipande na kuunganishwa karibu na soko, kwa sababu vipande hula nafasi ndogo melini na mara nyingi ushuru wake ni nafuu. Mwakani kiwanda kingine kikija na bei nzuri zaidi, duka linahamia huko. Chata linabaki lilelile. Inchi 32 inaweza kuwa imetoka kiwanda kimoja na inchi 55 ya jina hilohilo kiwanda kingine. Walmart ina chata lake la Onn na Best Buy ina Insignia, na hakuna kati yao mwenye kiwanda cha TV.

Vizio nayo ilianzia njia hiyohiyo. Ilizaliwa California mwaka 2002, haina kiwanda, watu wachache ofisini. TV zake zilitengenezwa hasa na AmTran ya Taiwan, ambayo pia ilikuwa na hisa ndani yake, zikauzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya jumla. Robo ya pili ya mwaka 2007 ikawapiku wakubwa wote kwa mauzo ya TV za LCD Amerika ya Kaskazini. Desemba 2024 Walmart ikainunua kwa takriban dola bilioni 2.3.

Utajiuliza, duka lenye chata lake tayari linanunua chata lingine la nini? Sehemu kubwa ya jibu ni matangazo. TV ya smati inaweza kuona unachoangalia na kukuletea tangazo linalokufaa, na faida ya hapo ni nono kuliko ya kuuza TV yenyewe. Mwaka 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Marekani na jimbo la New Jersey, lililodai kwamba ilikusanya habari za watazamaji kupitia TV milioni 11 bila ridhaa yao. Mimi binafsi hili lilinishtua kuliko suala la kiwanda. Tunafichana nywila za simu halafu tunaning'iniza kitu ukutani kinachojua nani alikesha na tamthilia ipi! Kama yako ni ya smati, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, usome mlichokubali.

Muuzaji anasema nusu

Turudi kwa wauzaji wetu. Wimbo wao mnaujua: “Dada angu, hii na ile kubwa kiwanda kimoja, tofauti jina tu.” Wakati mwingine ni kweli. Lakini fundi cherehani mmoja anaweza kukushonea suti ya harusi na sare za kwaya ya mtaa, na zote zikatoka cherehani ileile. Kitambaa ndicho tofauti, na muda aliotumia kwenye pindo.

Kwenye TV kitambaa ni vitu kama hivi. Vioo hupangwa kwa madaraja, na chenye kasoro ndogo huuzwa rahisi. Taa za nyuma zinaweza kupunguzwa idadi, kisha zikasukumwa kwa umeme mwingi ili picha ing'ae dukani. Fundi wetu anasema ugonjwa anaoutibu kuliko wote ni huo: sauti ipo, picha hakuna, taa zimeungua. (Dawa yake ni rahisi: siku ya kwanza tu, shusha mwanga wa nyuma kwenye mipangilio. TV imewekewa mwanga wa dukani, si wa sebuleni.) Halafu kuna boksi linalotangaza Full HD, kumbe kioo chenyewe ni 1366 kwa 768, TV inapokea tu picha ya Full HD na kuibana. Na inchi pia pimeni. Inchi 43 kwa mshazari ni kama sentimita 109 za kioo, fremu haihesabiwi. Mume wangu alitoa futi kamba mfukoni mbele ya muuzaji, mimi nikajifanya simjui.

Kuna jambo moja ambalo sikulitegemea. Mama mkwe ana TV ya jina kubwa, ilikufa bodi baada ya mwaka na ushei. Dhamana imekwisha, bodi ya modeli ile haipatikani, ikakaa stoo. Jirani yetu ana TV ya chata ambalo hata yeye hakumbuki kulitamka. Ilipokufa bodi, fundi alimfungia nyingine inayoingiliana siku hiyohiyo, kwa fedha ya chakula cha wiki. Kwa kuwa zimejengwa kwa vifaa vya sokoni, hizi TV zisizo na ukoo mara nyingi zinatibika kirahisi. Zile zenye ukoo zinataka dawa ya ukoo wao.

Soma mgongo

Mbinu ya kwanza hailipiwi: muombe muuzaji aigeuze. Stika ya nyuma ina modeli, nchi ilikotengenezwa, mara nyingine jina la mtengenezaji au mwagizaji. Iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya inatakiwa kisheria kuwa na jina na anwani ya anayebeba dhamana ya utengenezaji, ingawa huyo anaweza kuwa mwenye chata tu.

TV za soko la Marekani zenye intaneti ya bila waya huwa na namba ya FCC. Wifi yangu anaishi Texas na ana TV ya chata la duka, nikamwomba apige picha mgongo wake. Herufi za mwanzo za namba hiyo, tatu au tano, ni za kampuni iliyopewa kibali, na daftari lao liko wazi kwenye intaneti kwa mtu yeyote. Zikatupeleka Shenzhen, kwa kampuni ambayo wala wifi wala mimi hatujawahi kuisikia. Ila uwe mwangalifu: ikiandikwa kwamba TV “ina ndani yake” kifaa chenye namba fulani, hiyo ni ya kile kipande cha mawimbi tu, na mwenye TV ni mwingine. Na usichanganye FCC ya Marekani na FCC yetu, Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwafukuza wauza feki.

Hapo pia kuna mstari wa kuchora. TV ya chata la duka si feki. Duka limeandika jina lake, linajulikana lilipo. Feki ni ile iliyoandikwa jina la mtu ambaye hana habari nayo. Mume wangu alikuwa ameviweka vyote kapu moja, na siku alipovitenganisha ndipo mazungumzo yetu yalipopoa.

Alirudi nyumbani Jumatatu na hoja mpya, na hii ilikuwa na akili. Kama kiwanda kinabadilika kila mwaka, akasema, basi tusimtafute aliyeitengeneza, tumtafute atakayejibu ikiharibika. Tukaenda duka lile pamoja. Tuliuliza karakana yao iko wapi, tukaambiwa mtaa na jengo, tukaenda kuiona kwa macho. Ilikuwepo, na watu walikuwa kazini. Tukauliza dhamana inabeba taa na kioo au bodi peke yake. Muuzaji akaanza kuzunguka, mume wangu akamwomba amwite meneja. Meneja akakubali kuandika kwa mkono wake kwenye kadi ya dhamana: taa na bodi miaka miwili, kioo mwaka mmoja, akagonga muhuri wa duka. Lile duka la jina kubwa walikuwa wametupa mwaka mmoja, na walipoulizwa kuhusu taa wakasema watatupigia. Hawajapiga.

Tukanunua ya duka. Kabla ya kuitundika ukutani tulipiga picha stika ya mgongoni, kadi ya dhamana na risiti, maana karatasi za risiti za mashine siku hizi zinafutika zenyewe kwa joto la Dar. Nakala moja iko kwenye simu yake, nyingine kwenye yangu.